Mausi ikikimbizwa mstari unakatika. Msaada kwa programu ya kuchorea ya watoto (Mtwara)

#1 FundiSteshenari
Wakuu habari za jioni.

Nipo Mtwara mjini, pande za Chikongola. Nina steshenari ndogo: fotokopi, kuprinti, kulamineti, na siku hizi fulana. Jumamosi mchana biashara inalala, kwa hiyo nawaachia watoto wa mtaani kompyuta 3 za zamani wachore. Picha ikipendeza namprintia mwenyewe kwenye fulana, mama yake analipa baadaye, au halipi.

Programu za kuchora zilizopo zina vitufe vingi mno, mtoto anapotea. Nikaamua kuandika ya kwangu inayofunguka kwenye brauza: rangi 8, brashi 3, ufutio, basi. Sikusomea, nimejifunza mwenyewe usiku baada ya kufunga duka.

Tatizo ni hili. Mtoto akichora taratibu mstari unatoka safi kama wa kalamu. Akikimbiza mausi zinatoka nukta, nukta, nukta, utadhani mtu kabeba choroko kwenye mfuko uliotoboka. Jumamosi iliyopita kabinti kamoja kakaniuliza, "Anko, mbona kalamu yako inaruka?" Nikakosa jibu, nikajifanya naitwa nje.

Ninachofanya ni rahisi: kila mausi ikisogea, nachora kiduara pale ilipo. Nimejaribu kukuza kiduara, choroko zikawa korosho. Nimebadilisha mausi mara 2, moja mpya kabisa. Hali ni ileile.

#2 KoroshoGhafi
Nunua mausi ya gemu mkuu, ile ya 1000Hz. Uzi ufungwe.

#3 PwezaMkavu
Nimekaa kiti cha mbele, kahawa ninayo.

#4 binti_mingoyo
Kaka FundiSteshenari pole. Mausi yako nzima, tatizo lipo kwenye unavyoielewa. Wengi tumepita hapo.

Mausi haichori mstari. Wala haijui mstari ni nini. Kazi yake ni kujibu swali moja, "uko wapi sasa hivi?", basi. Ichukulie kama basi linalotoka Mtwara kwenda Masasi, wewe upo nyumbani unampigia konda simu. Unapiga, anasema Mikindani. Unapiga tena, anasema Mnazi Mmoja. Unapiga tena, Mtama. Basi likitambaa, kila ukipiga limesogea hatua mbili, utaweza kuchora safari yote kwa majibu ya konda. Likikimbia, utapiga ukiambiwa Mikindani, ukipiga tena wameshafika Nyangao. Hapo katikati basi halikuruka, lilipita barabarani kama kawaida. Ni wewe tu hukupiga simu.

Sasa wewe unachora kiduara kila konda anapopokea. Ndiyo choroko zako hizo.

Dawa ya kwanza: acha kuchora viduara. Kumbuka jibu lililopita, kisha vuta mstari kutoka pale hadi hapa ulipo sasa. moveTo kwa nukta ya zamani, lineTo kwa mpya, stroke. Ukimaliza, mpya inakuwa ya zamani. Weka lineCap na lineJoin (ncha na maungio ya mstari) ziwe round, yaani mviringo, bila hivyo brashi nene itaonyesha nyufa kwenye maungio.

Jaribu hilo kwanza, mengine yatafuata.

#5 FundiSteshenari
Dada ubarikiwe. Mistari kumi tu ya kodi na nukta zimekwisha! (Nasema kodi ya programu, wale wa mapato msije.)

Naweka kwenye mashine zote kesho.

#6 MwalimuMstaafu
Wanangu, nimesoma kwa furaha. Nilifundisha hesabu sekondari miaka mingi huku Lindi, naomba niongeze neno.

Huko "kuvuta mstari kati ya nukta mbili" mnakuona kudogo kwa sababu brauza inawafanyia. Kioo ni vijiraba, yaani vimraba vidogo sana, na mstari wa mshazari haupiti sawasawa kwenye vijiraba. Mtu lazima aamue: kijiraba kipi kiwake, kipi kisiwake. Mwaka 1962 Jack Bresenham, akiwa IBM, alitafuta njia ya kufanya uamuzi huo kwa kujumlisha na kutoa namba kamili tu, bila kugawanya, bila desimali. Alikuwa anaiendesha mashine ya kuchora kwa kalamu kwenye karatasi, siyo kioo. Ikachapishwa 1965. Mashine za wakati ule zilikuwa dhaifu, kugawanya kulikuwa gharama.

Wazo lake: tembea kijiraba kimoja kimoja upande ule mrefu, huku unatunza deni la upande mfupi. Deni likizidi nusu, panda kijiraba kimoja, punguza deni. Niliwahi kuwafanyisha wanafunzi kwenye karatasi ya grafu kwa penseli. Darasa zima lilielewa, hata waliokuwa wakisinzia nyuma.

#7 PwezaMkavu
Shikamoo mwalimu. Umenikumbusha karatasi ya grafu, na viboko vyake.

#8 MwalimuMstaafu
Marahaba. Viboko havikuwa vyangu.

#9 FundiSteshenari
Nimerudi wakuu, na aibu kidogo.

Nukta zimekwisha, kweli. Lakini watoto wanapenda kuchora uso, na uso unaanza na duara. Mtoto anazungusha mausi haraka, inatoka nati ya boliti: pembe 6, pembe 7. Mmoja akachora jua, likatoka kama kibao cha barabarani. Polepole ni duara zuri. Haraka, nati.

#10 KoroshoGhafi
Nilisema. Mausi. Ya. Gemu.

#11 binti_mingoyo
KoroshoGhafi, tupige hesabu basi.

Mausi ya kawaida ya USB hujibu mara 125 kwa sekunde, yaani kila milisekunde 8. Ya gemu 1000. Kioo cha kompyuta za fundi nadhani kina upana wa pikseli 1366 (ndivyo vijiraba vya mwalimu). Mtoto akivuka kioo chote kwa robo sekunde, mausi ya kawaida itakuwa imejibu mara 31 hivi, pengo la pikseli 44 kati ya jibu na jibu. Ya gemu, pikseli 5 na kitu. Mpaka hapo umeshinda.

Ila programu ya fundi haisikii mausi moja kwa moja. Inasikia brauza. Na brauza, Chrome tangu 2017, haikuamshi kwa kila jibu la mausi. Inayakusanya, inakuletea tukio moja tu (taarifa kwamba mausi imesogea) kila kioo kinapotaka kuchorwa upya, mara 60 kwa sekunde kwa vioo vingi. Robo sekunde ni matukio 15. Pengo: pikseli 91. Ununue mausi ya laki mbili, pengo ni pikseli 91. Umempa konda simu ya bei mbaya na mpigaji bado ni yule yule mvivu.

Fundi, duara lako lina pembe kwa sababu unaunganisha Mikindani na Nyangao kwa rula. Barabara halisi ina kona, rula inapita porini. Yapo mambo mawili ya kufanya, na yote mawili uyafanye.

La kwanza, yadai majibu yaliyofichwa. Brauza haijayatupa. Konda aliandika vituo vyote kwenye daftari, wewe unasoma mstari wa mwisho tu. Kuna fanksheni inaitwa getCoalescedEvents, ukiiita ndani ya tukio inakupa orodha ya nukta zote zilizokusanywa tangu tukio lililopita. Zipitie moja moja, chora kila kipande. Angalizo: haipo kwenye mousemove, lile tukio la mausi peke yake. Badilisha usikilize pointermove. Faida ya ziada ni kwamba pointermove hiyohiyo inapokea kidole na kalamu ya tableti.

La pili, acha rula, tumia mkunjo. Hata ukipata nukta zote 125 bado mkono wa mtoto ni mwepesi kuliko hizo. Njia ninayoipenda ni ya katikati. Una nukta A, B, C. Tafuta katikati ya A na B, tafuta katikati ya B na C. Chora mkunjo kutoka katikati ya kwanza hadi ya pili, na B iwe kama sumaku inayouvuta bila kuugusa. Hiyo ndiyo quadraticCurveTo. Ikija nukta D, unaendelea ulipoishia, sumaku sasa ni C. Uzuri wake: kila mkunjo unaanza ukielekea upande uleule ambao uliotangulia ulimalizia, kwa hiyo kwenye maungio hakuna pembe. Lazima iwe laini.

Hesabu za mikunjo hiyo zilitoka kwa watu wa magari Ufaransa: Paul de Casteljau wa Citroën, 1959, na Pierre Bézier wa Renault miaka ya 60. Walitaka kumweleza fundi wa bodi umbo la mbavu za gari kwa namba.

#12 PwezaMkavu
Swali la kizushi. Mtwara hadi Masasi unaweza kupita Mnazi Mmoja na unaweza kupita Newala. Ukimpigia konda mara mbili tu, Mtwara na Masasi, hiyo sumaku yako itajuaje alikopita?

#13 binti_mingoyo
Haitajua, na swali lako si la kizushi hata kidogo. Mkunjo ni ubashiri. Unabashiri kwamba mkono wa mtu haupindi ghafla katikati ya milisekunde 16, na mara nyingi ni kweli. Ila ukiwa na nukta mbili tu huna ujanja, utachora barabara ya tatu isiyokuwepo. Ndiyo maana nimetanguliza daftari la konda. Kwanza pata nukta nyingi za kweli, halafu ndiyo ubashiri vipengo vidogo vilivyobaki. Wengi wanaruka la kwanza wanakimbilia kulainisha. Mstari unakuwa laini, na uongo.

#14 MwalimuMstaafu
"Laini, na uongo." Binti, ningekufundisha ningejisifu.

#15 KoroshoGhafi
Sawa, nimekubali kwenye brauza. Ila kwenye gemu mausi yangu inafanya kazi.

#16 FundiSteshenari
Ripoti ya Jumatano usiku. Umeme ulikatika saa mbili, umerudi saa nne, nikakaa hadi saa saba.

Nimeweka vyote viwili. Kwenye kompyuta yangu ya kaunta, duara ni duara! Nimezungusha mausi kama kichaa, inatoka kama ya kikombe. Mke wangu akaamka akauliza nacheka nini.

Ila sasa, shida 2.

Kwanza, zile kompyuta nyingine 2 za watoto zinafungua programu kutoka kwenye ya kaunta kupitia waya wa ndani, kwa namba ya anwani tu. Huko inaniambia getCoalescedEvents haipo. Brauza ni toleo lilelile!

Pili, na hii ndiyo inaniua. Nikianza kuchora safi. Nikiendelea bila kuachia kitufe, dakika moja hivi, kwenye kaunta mstari unaanza kuchelewa, unaifuata mausi kama mbwa aliyechoka. Kwenye zile 2 nyingine ndo pembe zinarudi kabisa. Nikiachia kitufe na kubonyeza upya, safi tena. Na kitu kingine, mstari mrefu unakuwa mzito kingo zake, kama nimeupitia mara nyingi.

#17 KoroshoGhafi
Ongeza RAM.

#18 PwezaMkavu
😂😂 huyu ana hisa kwenye duka la kompyuta

#19 MzeeWaVB
Natoa uzoefu wa zamani kabla dada hajaja. Niliwahi kuandika programu ya kuchora kwa Visual Basic, lugha ya zamani ya kuandikia programu za Windows, nikiwa Nachingwea, kompyuta ofisi nzima moja. Nilikutana na hilo hilo la pembe kurudi programu ikichoka.

Windows haipangi kila mwendo wa kipanya kwenye foleni. Kipanya kikisogea inaweka alama tu: kimesogea. Programu yako ikirudi kuuliza "kuna ujumbe?", hapo ndipo ujumbe wa kusogea, WM_MOUSEMOVE, unatengenezwa, ukiwa na mahali kilipo wakati huo. Ukichelewa kuuliza kwa sababu uko bize unachora, njia yote iliyopita katikati hupewi. Kwa hiyo pembe zikirudi mimi huwa siulizi kipanya. Nauliza: programu inapoteza wapi muda? Kuchora kukiwa kuzito unauliza mara chache, ukiuliza mara chache mapengo yanakua.

Wanaoandika za Windows wenyewe, ipo GetMouseMovePointsEx, inarudisha hadi nukta 64 zilizopita. Ni daftari la konda la kizamani.

#20 binti_mingoyo
MzeeWaVB umenimalizia nusu ya jibu, asante sana.

Fundi, anwani kwanza. Kwa mujibu wa kiwango kinachofuatwa na brauza, hiyo getCoalescedEvents inapatikana kwenye ukurasa ulio salama tu, yaani https, au kompyuta inayojifungulia yenyewe. Kaunta inajifungulia yenyewe, ndiyo maana ipo. Zile nyingine zinakuja kwa http kupitia namba, zinahesabiwa si salama. Njia rahisi: nakili faili uziweke kwenye kila mashine. Na kwenye kodi, kabla ya kuiita, uliza kama ipo. Kama haipo tumia tukio lenyewe lilivyo, mtoto achore na pembe kidogo kuliko kukutana na kioo kilichoganda.

La pili. Naomba nikisie. beginPath umeiweka wapi?

#21 FundiSteshenari
Mwanzo, mtoto anapobonyeza. Mara moja. Si ndiyo jina lake, anza njia?

#22 binti_mingoyo
Ndiyo hapo.

Kila ukiita stroke, brauza inachora njia YOTE iliyomo tangu beginPath ya mwisho, haichori kile kipande kipya tu. Tukio la kwanza unachora kipande 1. La mia unachora vipande 100. La elfu tatu unachora vipande 3000, kwa ajili ya kuongeza kimoja. Ni kama konda anayekusomea vituo vyote tangu stendi kila ukipiga simu, ndipo akuambie alipo. Dakika moja kwa matukio 60 kila sekunde ni vipande 3600. Kompyuta ya zamani lazima ihemewe, ikihemewa inachelewa, na MzeeWaVB kashasema yanayofuata.

Kingo nzito ni hilohilo. Ukingo wa mstari huchorwa kwa rangi hafifu ili usionekane ngazi-ngazi. Ukiurudia mara elfu juu ya palepale, hafifu juu ya hafifu inakuwa nzito.

Weka beginPath kabla ya kila kipande, moveTo ulipoishia, mkunjo, stroke. Kilichokwisha chorwa kiache kwenye turubai (lile eneo la kuchorea), hakidai tena. Kama unataka kitufe cha kurudisha nyuma, tunza orodha ya nukta pembeni, usiitunze ndani ya njia.

#23 FundiSteshenari
Nimehamisha mstari MMOJA wa kodi. Mmoja! Nimechora dakika tano bila kuachia, kidole kimeshika ganzi, mstari uko palepale kwenye mshale.

KoroshoGhafi hela ya RAM nanunulia pweza.

#24 PwezaMkavu
Naomba nisihusishwe.

#25 mjukuu_wa_mchongaji
Nawasalimu kutoka Newala. Nasoma kimyakimya tangu juzi, naomba nipinge kidogo.

Babu yangu anachonga vinyago, mimi nachora michoro yake kwenye kompyuta kabla hajagusa mti. Mapambo yetu ya kimakonde, zile chale za usoni, ni mistari ya kwenda na kurudi yenye ncha kali. Nimejaribu njia ya dada ya katikati. Duara safi kabisa. Ila zigizaga ikichorwa haraka, ncha zote zinakuwa butu kama meno ya mzee. Babu kaangalia kioo akasema, "Hii chale imepona vibaya."

#26 binti_mingoyo
Babu yuko sahihi, na mpe shikamoo yangu.

Njia ya katikati haipiti kwenye nukta zako. Inapita katikati za nukta tu, nukta zenyewe ni sumaku. Kwa hiyo kila ncha inaliwa. Kwa kawaida huoni, kwa sababu mkono ukifika kwenye kona hupunguza mwendo kama dereva, nukta zinasongamana pale na kinacholiwa ni kidogo. Mtu mwenye mkono mzoefu hapunguzi. Babu yako hapunguzi.

Njia mbili. Ipo mikunjo ya Catmull na Rom, ya mwaka 1974, inayopita kwenye kila nukta. Ubaya wake ni kwamba nukta zikiwa na mapengo yasiyolingana inaweza kupitiliza kona na kujisokota kitanzi kidogo. Kuna namna yake inayozingatia umbali wa nukta, inayoitwa sentripeto, hiyo haijisokoti ndani ya kipande. Kwa wewe naona njia fupi zaidi: pima pembe kwenye kila nukta. Ikiwa kali, tuseme chini ya nyuzi 60, kata mkunjo hapo. Chora rula hadi kwenye ncha yenyewe, anza mkunjo mpya upande wa pili. Hiyo 60 si msahafu, ibadilishe mpaka babu anyamaze.

Na hapa niseme ukweli wangu: sipendi programu zinazolainisha kila kitu. Kuna zinazochukua wastani wa nukta kumi zilizopita ili mkono unaotetemeka usionekane. Mstari unakuwa wa hariri, lakini unachelewa nyuma ya mkono na kila mtu anachora sawa na mwenzake. Mtoto mwenye mkono mzito aonekane ana mkono mzito. Mapengo ya mashine tuyazibe, ya mkono tuyaache.

#27 MzeeWaVB
Hapo sikubaliani sana. Mimi mkono unatetemeka siku hizi, nisaidiwe tu.

#28 binti_mingoyo
Haha, kwako mzee nitaweka kitufe. Kiwe kimezimwa, uwashe mwenyewe.

#29 mjukuu_wa_mchongaji
Nimeweka nyuzi 70. Babu kaangalia, hakusema kitu, kachukua tezo kaenda kibarazani. Kwa huyu mzee hiyo ni cheti.

#30 FundiSteshenari
Ripoti ya Jumamosi! Watoto 9, mashine 3, foleni mpaka nje. Nimegundua vijimambo vinne, naviweka kwa atakayekuja na tatizo hili baadaye. Vyote nimerekebisha kwa msaada wa dada inbox.

Nukta ya herufi i ilikuwa haitoki. Mtoto anaitwa jina lenye i mbili, anabonyeza anaachia, hakuna kitu. Mantiki: bila kusogea hakuna mstari. Sasa nikiona kabonyeza na kuachia palepale nachora kiduara. Viduara vyangu vya zamani vimepata kazi.

Mkia wa mstari ulikuwa mfupi. Njia ya katikati inaishia katikati, kwa hiyo kipande cha mwisho kinabaki hewani. Mtoto akikimbiza ndiyo unaona, masharubu ya paka hayafiki anapotaka. Dawa: akiachia kitufe, vuta mpaka nukta ya mwisho.

Mtoto akikimbiza mausi ikatoka nje ya turubai na kurudia upande mwingine, ulikuwa unachorwa mstari mmoja mrefu unaokata picha nzima. Na akiachia kitufe huko nje, programu haijui, akirudi inaendelea kuchora yenyewe, watoto wakasema ina jini. setPointerCapture wakati wa kubonyeza, inayofanya turubai iendelee kuisikia mausi hata ikiwa nje, imetibu vyote viwili.

Brashi ya rangi ya maji, ile inayopitisha mwanga, ilikuwa na shanga nyeusi kwenye kila maungio, maana kila kipande kinapanda kidogo juu ya mwenzake. Sasa mstari mzima nauchora kwa rangi kamili kwenye turubai ya pili ya juu, ile turubai nzima ndiyo nimeifanya ipitishe mwanga. Akiachia, nauteremsha chini mara moja.

Mashine moja ilibaki inaruka hata baada ya yote haya, nikataka kulia. Kumbe meza yake ina kioo juu. Mausi ya taa huwa inaupiga picha uso wa meza na kulinganisha picha na picha, kioo kikiwa kitupu haioni cha kulinganisha. Nimeweka jalada la daftari chini yake.

#31 KoroshoGhafi
Kwa hiyo kuna moja ambayo ILIKUWA mausi 😎

#32 PwezaMkavu
Mwacheni ashinde hii, kapambana tangu post ya pili.

#33 FundiSteshenari
Nampa. Ila wakuu, leo jioni nafunga duka, yule yule kabinti ka siku ile kakarudi mlangoni. "Anko, kalamu imepona. Lakini ufutio wako nao unaruka."

#34 binti_mingoyo
Ufutio ni brashi tu kaka, isipokuwa inapaka utupu. Uliunakili kutoka wapi?

#35 FundiSteshenari
Kwenye kodi ya zamani. Ya viduara.

Nawasha kompyuta.